Umeme ulikatika na kompyuta yangu ya Linux imegoma kuwaka: je, kazi zangu zimepotea?

"Nina steshenari ndogo na kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, nikawekewa Linux Mint. Wiki iliyopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu jioni moja nikiwa nachapa kazi, na tangu hapo mashine haifiki mahali pa kuandika nywila. Inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi mengi, na mwishoni kuna neno initramfs ndani ya mabano. Juu yake kuna mstari unaosema UNEXPECTED INCONSISTENCY. RUN fsck MANUALLY, na unataja /dev/sda2. Hata kabla ya hapo, kila nilipozima swichi ya ukutani tarehe ilirudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti nyingi zilikataa kufunguka hadi niirekebishe. Fundi wa mtaani anasema diski imeungua au ni virusi, na dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows. Humo ndani mna kazi za wateja na hesabu za duka za miaka miwili, na sina nakala popote. Mimi niliambiwa Linux haiharibiki. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa maandishi uliyoyanakili, kuna uwezekano mkubwa kwamba hesabu zako na kazi za wateja bado zimo ndani ya diski. Hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo bila kuigusa mashine yenyewe, lakini ujumbe ulioukuta unamaanisha kwamba kompyuta imeona kasoro katika kumbukumbu za diski, ikaona pia kwamba kuirekebisha kunahitaji uamuzi wa mtu, na ikasimama hapo kumsubiri. Hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa sasa ni haraka, iwe yako au ya fundi, kwa hiyo naomba usiruhusu chochote kifutwe kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Sioni dalili ya virusi katika maelezo yako. Kuhusu diski kuungua, diski iliyoungua kabisa isingeweza kusomwa, na badala ya ujumbe ulionao ungeambiwa kwamba hakuna diski ya kuwakia, au ungeona mstari unaosema kwamba diski yenye namba fulani ya utambulisho (UUID) "does not exist", yaani haipo. Kwako wewe programu ya ukaguzi, fsck, imeifungua /dev/sda2, yaani sehemu ya pili ya diski yako, ikaisoma na kukuta mambo yasiyolingana, jambo linaloonyesha kwamba diski inaitika. Kuitika, hata hivyo, si sawa na kuwa mzima, na nitalirudia hilo hapa chini kwa sababu ndilo linaloamua mpangilio wa hatua zote. Pendekezo la kuweka Windows halitibu kitu: litafuta kazi zako, na kama diski ni mbovu, Windows nayo itakwama juu ya ubovu uleule. Windows ina programu yake ya kukagua diski, iitwayo chkdsk, kwa sababu hakuna mfumo endeshi unaoweza kunyimwa umeme katikati ya kuandika ukabaki salama kila mara. Aliyekuambia kwamba Linux haiharibiki alikuwa na mapenzi nayo kupita kiasi.

Ili uelewe mahali ulipokwama, fuata safari ya kompyuta inapowaka. Kwanza BIOS, programu ya mwanzo iliyo kwenye ubao mkuu, huamka na kuangalia vifaa vilivyopo, kisha huikabidhi kazi programu iitwayo GRUB, nayo hupakia vitu viwili kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM: kerneli, ambayo ni kiini cha Linux, na mfumo mdogo wa maandalizi uitwao initramfs. Kazi ya mfumo huo mdogo ni kuitafuta diski yenye mfumo kamili, kuikagua, na kuukabidhi mfumo huo uendelee hadi kwenye ukurasa wa nywila. Wewe umesimama hapo katikati. Ndiyo maana unaona maandishi tu, na ndiyo maana amri zinazokubalika ni chache: Mint yako halisi bado haijaanza kabisa, na unachokiona kinaendeshwa chote kutoka kwenye RAM.

Sasa tuje kwenye kasoro yenyewe. Unapobonyeza kitufe cha kuhifadhi waraka, tendo linaloonekana moja kwako ni matendo kadhaa kwa diski. Yaliyomo kwenye waraka lazima yaandikwe mahali. Rekodi ya faili, ambayo wataalamu huiita inode, lazima iandikwe ukubwa wa faili, mmiliki wake na mahali yalipo yaliyomo. Jina la faili lazima liingizwe kwenye orodha ya folda. Na ramani inayoonyesha nafasi zilizokaliwa lazima isahihishwe. Tena mengi ya hayo hayafanyiki papo hapo, kwani Linux huyaweka kwanza kwenye RAM na huweza kuyashikilia kwa muda wa nusu dakika hivi kabla ya kuyapeleka kwenye diski. Umeme ukikatika wakati baadhi ya matendo yamefanyika na mengine bado, diski hubaki na maelezo yanayopingana: rekodi isiyo na jina katika folda yoyote, au mafaili mawili yanayodai nafasi moja.

Mint kwa kawaida hutumia mfumo wa mafaili uitwao ext4, ambao umehesabiwa kuwa imara tangu toleo la Linux 2.6.28 la mwisho wa mwaka 2008, na mfumo huo una kinga dhidi ya hali hiyo. Hufanya kama mwenye ghala anayeandika kwenye daftari, kabla ya kugusa gunia lolote, kwamba anataka kulihamisha kutoka hapa kwenda pale. Akikatizwa njiani, kesho yake husoma daftari na kumaliza kazi iliyoandikwa kikamilifu, au kuipuuza ile ambayo maandishi yake hayakukamilika. Kwa sababu hiyo umeme huweza kukukatikia mara nyingi bila wewe kuona athari yoyote. Lakini kinga hiyo ina mipaka. Kwa mpangilio wa kawaida, daftari huhifadhi habari za rekodi peke yake, wala halihifadhi yaliyomo ndani ya faili. Pili, linategemea diski iseme kweli inapodai kwamba imeshaandika, ilhali diski nyingi zina kumbukumbu ndogo ya ndani ambayo nayo hupotea umeme unapokatika. Tatu, diski ya kuzunguka ikinyimwa umeme wakati inaandika huweza kuacha sekta, yaani kipande kidogo cha diski, ambayo haisomeki. Jioni yenye kukatika mara tatu mfululizo ni mtihani mzito kwa kifaa kilichokwisha kutumika.

Programu ya fsck hukagua diski wakati wa kuwaka, na katika hali hiyo ya kujiendesha huruhusiwa kurekebisha yale tu ambayo marekebisho yake hayana hatari. Ikikutana na jambo ambalo jibu lake linaweza kupoteza kitu, huacha, na kuandika kwamba mtu aiendeshe mwenyewe. Hilo ndilo lililokupata, na ukitafuta mtandaoni utaambiwa mara moja uandike amri moja na yaishe. Kwa watu wengi ushauri huo hufanikiwa. Mimi sikushauri uanze nao, kwa kuwa huna nakala. Ikiwa diski ni nzima, kuchelewa kwa saa chache hakukupunguzii kitu. Ikiwa diski inakufa, fsck itaizungusha na kuisomesha rekodi zake zote katika dakika zake za mwisho, tena itaandika juu yake marekebisho yaliyotokana na usomaji wenye makosa. Nakili kwanza, rekebisha baadaye.

Kabla ya hatua yoyote, isikilize diski ikiwaka. Ukisikia mlio wa kugonga unaojirudia, au inazunguka na kusimama na kuanza tena, zima mashine usiiwashe tena, kisha ruka hadi aya ninayozungumzia msaada wa ana kwa ana. Soma pia mistari iliyo juu ya neno initramfs. Ukiona maneno "I/O error" yakijirudia, chukua tahadhari hiyohiyo. Kama hakuna mlio wala mistari hiyo, tafuta kompyuta nyingine ya kuazima, flashi ya gigabaiti 4 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, na diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Andaa flashi ya Linux Mint, ichomeke kwenye mashine yako, na uiwashe ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia, ambacho kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12 na kwenye HP nyingi ni F9. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, mradi usifungue ile alama ya kusakinisha iliyo kwenye eneo-kazi.

Ukiwa humo, fungua programu ya Disks, chagua diski yako kuu, na kwenye menyu yake utafute taarifa za SMART, ambazo ni kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Mistari inayostahili macho yako ni mitatu: inayohesabu sekta zilizohamishwa, yenye neno Reallocated; sekta zinazosubiri uamuzi, yenye neno Pending; na zilizoshindikana kabisa, yenye neno Uncorrectable. Sifuri katika yote matatu ni habari njema, ingawa si hakikisho. Sekta chache zinazosubiri zinaweza kuwa zimetokana na kukatika kwa umeme kwenyewe na zikapona zitakapoandikwa upya, kwa hiyo usizimie ukiziona. Cha kuogopa ni idadi inayoongezeka ukiangalia tena baada ya saa moja au mbili. Kama mstari wa UDMA CRC ndio wenye namba inayopanda, mtuhumiwa wa kwanza ni waya unaounganisha diski na ubao mkuu, na waya huo ni kitu cha bei ndogo.

Baada ya hapo fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

lsblk -f

Usiiruke amri hii. Ukiwasha kwa flashi, majina ya diski huweza kubadilishana, na ile iliyokuwa sda ikawa sdb. Itambue sehemu yako kwa ukubwa wake na kwa neno ext4. Tuseme bado ni sda2. Ifungue kwa kusoma tu:

sudo mkdir /mnt/kazi
sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt/kazi

Herufi ro zinazuia kuandika, na neno noload linaiambia Linux isijaribu hata kutekeleza yaliyobaki kwenye daftari la ext4, jambo ambalo vinginevyo ingelifanya hata ukiomba kusoma peke yake. Sasa nakili folda ya watumiaji kwenda kwenye diski ya nje, ukiweka jina la diski hiyo kama linavyoonekana kwako:

sudo cp -r /mnt/kazi/home /media/mint/JINA_LA_DISKI/

Neno sudo ni la lazima hapo, kwa sababu mafaili yanamilikiwa na mtumiaji wa mfumo wako, na mtumiaji wa muda wa kwenye flashi huweza kunyimwa ruhusa ya kuyafungua. Zikitokea hitilafu kwenye mafaili machache, yaandike pembeni na uendelee. Halafu, kabla ya kusherehekea, fungua nyaraka kadhaa kutoka kwenye diski ya nje, hasa lile faili la hesabu, uone kwamba yaliyomo yamo kweli. Ikiwa sehemu imekataa kufunguka kabisa, usiilazimishe.

Ukishakuwa na nakala mkononi, ukarabati unakuwa jambo jepesi. Ifunge kwanza sehemu hiyo, kwani kurekebisha mfumo wa mafaili uliofunguliwa ni njia ya uhakika ya kuuharibu, kisha anza na ukaguzi usiobadilisha kitu, kwa e2fsck, ambayo ndiyo fsck ya mifumo kama ext4:

sudo umount /mnt/kazi
sudo e2fsck -fn /dev/sda2

Utaona orodha ya kasoro. Rudia amri ile ya pili ukiweka -fy badala ya -fn, na programu itajijibu "ndiyo" kwa kila swali. Wapo wanaosema kila swali lijibiwe kwa mkono. Kwa mtaalamu anayejua kuchimba rekodi za ext4 hilo lina maana. Kwa sisi wengine, tukiulizwa kama inode namba fulani ifutwe, tutajibu ndiyo tu, na kilichotulinda ni ile nakala. Mwishoni utasoma FILE SYSTEM WAS MODIFIED, ambayo ni taarifa ya kawaida tu. Endesha ukaguzi mara moja zaidi. Ukipita bila kasoro, chomoa flashi na uwashe kompyuta kama kawaida. Kazi hiyohiyo ingeweza kufanyika pale pale kwenye skrini nyeusi kwa kuandika fsck -y /dev/sda2 na kisha exit, na ukipatwa tena na hali hii siku ambayo nakala zako zipo salama, tumia njia hiyo fupi.

Ukikuta faili fulani halipo mahali pake, angalia ndani ya folda iitwayo lost+found iliyo kwenye mzizi wa diski. Huko fsck huweka mafaili iliyoyaokoa lakini ikakosa majina yake, kwa hiyo utakuta namba zenye alama ya # mbele. Amri sudo file ikifuatwa na jina la kitu hicho ndani ya alama za kunukuu itakuambia kama ni picha, PDF au waraka wa LibreOffice. Waraka ulioandikwa katika nusu dakika ile ya mwisho kabla ya giza huenda ukarudi ukiwa mtupu au usirudi kabisa, na hapo hakuna amri itakayousaidia.

Kasoro zikirejea siku chache baada ya kurekebishwa bila umeme kukatika, usiendelee kuendesha fsck kila asubuhi. Sababu itakuwa kwenye vifaa: diski, waya, au hata RAM mbovu inayopotosha data kabla haijaandikwa. RAM hupimwa kwa programu ya memtest86+, ukiiacha ifanye kazi usiku kucha.

Lile tatizo la tarehe ni kesi nyingine inayoishi nyumba moja na hii. Kwenye ubao mkuu kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, inayoiwezesha saa kutembea mashine ikiwa imekatwa umeme. Yako imekwisha. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tupo miaka kadhaa nyuma huona kwamba cheti bado hakijaanza kutumika, hivyo huikataa tovuti. Betri hiyo haikuharibu mafaili yako, lakini huweza kuifanya fsck ilalamike kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika wakati ujao, lalamiko ambalo ni la saa tu. Isitoshe, kwenye baadhi ya mashine betri ikifa mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani, pamoja na namna ya kuwasiliana na diski, na siku hiyo utapata ule ujumbe mwingine wa diski kutoonekana ilhali diski haina neno. Badilisha betri, kisha rekebisha saa.

Peleka mashine kwa mtu ikiwa diski inagonga, ikiwa BIOS haiioni, ikiwa sehemu imekataa kufunguka kwa kusoma, au ikiwa kunakili kunakwama kila baada ya mafaili machache. Kwa fundi nenda na masharti. Mwambie unataka nakala kamili ya diski ichukuliwe kwanza kwa ddrescue au programu inayofanana nayo, kwenye diski nyingine iliyo kubwa zaidi na isiyotumia mfumo wa mafaili wa FAT32, kwani FAT32 haipokei faili moja la kufikia gigabaiti 4. Na kwamba majaribio yote yafanyike juu ya nakala hiyo. Muulize pia taarifa za SMART zinasema nini. Fundi anayekasirishwa na swali hilo si wa kumwachia hesabu za miaka miwili. Diski yenye kugonga hufunguliwa kwenye maabara maalumu, kwa gharama inayoweza kuzidi bei ya kompyuta yenyewe, na ni wewe peke yako unayeweza kupima kama data ina thamani hiyo.

Mashine ikishapona, nunua UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani unapokatika. Dakika chache inazokupa zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, wakati kebo ya soketi nyingi yenye kinga ya mshtuko wa umeme haikupi hata sekunde moja. Weka pia nakala ya kila jioni kwenye diski ya nje, na usidanganywe na Timeshift inayokuja na Mint: kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi mfumo tu na kuziacha nyaraka zako, na watu wengi hugundua hilo siku wanapozihitaji. Kompyuta ikiganda kabla hujapata UPS, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt pamoja na Print Screen, kisha bonyeza S, halafu U, halafu B, ukipumzika kidogo kati ya herufi moja na nyingine. Linux itaandika yaliyobaki kwenye RAM, itafunga diski na kuwaka upya.

Mwisho, utakapofungua zile hesabu, LibreOffice inaweza kukuambia kwamba waraka umefungwa na mtumiaji mwingine, na jina litakalotajwa litakuwa lako. Ni faili dogo la kufuli lililobaki tangu jioni ile, lililofichika ndani ya folda ileile na linaloanza na .~lock. Onyesha mafaili yaliyofichwa kwa Ctrl na H, lifute, na ufungue hesabu zako.